Uzuri wa mkakasi: Kuchagua kasha la kompyuta lenye kupitisha hewa

Ilikuwa saa nane mchana, siku ya Jumatano ya mwezi Februari, pale kompyuta ya mama mmoja mkaazi wa Magomeni, jijini Dar es Salaam, ilipozimika ghafla mbele ya macho yake. Umeme haukukatika. Feni ya dari ilikuwa ikizunguka kama kawaida, na redio ya jirani ilikuwa ikisikika. Kompyuta peke yake ndiyo iliyozimika, na hiyo ilikuwa mara ya tatu kwa juma lile.

Mama huyu, ambaye ameomba jina lake lisitajwe, ni mhariri wa picha za video za harusi. Kazi yake hasa ni shughuli za wanawake: usiku wa hina, kusingwa kwa biharusi na karamu za ndani ambazo wanaume hawaingii. Wenye harusi humpelekea picha zao kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wanajua hazitaonwa na jicho lisilostahiki. Kwake yeye picha hizo ni amana, na ndizo pia zinazolipa kodi ya nyumba na ada za watoto wake wawili.

Kwa hiyo kompyuta ilipoanza kuzimika, hakuweza kuibeba na kuipeleka kwa fundi yeyote wa mjini. Kumkabidhi mtu asiyemjua kasha lile ilikuwa sawa na kumkabidhi diski iliyomo ndani, na picha zote zilizomo ndani ya diski. Fundi mmoja aliyempigia simu alimwambia, bila hata ya kuiona, kwamba madabodi imekwisha na inabidi kununua nyingine. Harusi ilikuwa imebakiza siku tisa kukabidhiwa kazi yake.

Siku ya pili alimwita mtoto wa kaka yake, kijana anayesomea ufundi wa umeme. Kijana aliingia, akatoa salamu, akamwamkia shangazi yake, akaenda moja kwa moja kulishika kasha kwa kiganja cha mkono. Lilikuwa la moto kama kifuniko cha sufuria. Akaiwasha kompyuta, akafungua programu inayoonesha joto la prosesa, akamwomba shangazi aendelee na kazi yake. Baada ya dakika ishirini prosesa ilikuwa imefika nyuzi 99. Kijana akachukua bisibisi, akaondoa ubavu mmoja wa kasha, akamwambia aendelee tena. Joto likashuka hadi nyuzi 84 na kubaki hapo.

"Shangazi," akasema, "kompyuta hii haina maradhi. Nyumba yake ndiyo haina dirisha."

Kauli hiyo ndiyo mada yetu ya juma hili. Familia nyingi siku hizi hununua kompyuta ya mezani kwa ajili ya masomo ya watoto, biashara ya kuchapa na kudurufu, ushonaji wa kutumia michoro au kazi za picha. Katika ununuzi huo, watu huuliza sana kuhusu prosesa, kumbukumbu na ukubwa wa diski. Kasha lenyewe, lile sanduku ambalo wengi wetu tumezoea kuliita "sipiyu", huchaguliwa kwa macho tu. Matokeo yake ni kuwa fedha nyingi huwekwa ndani ya sanduku linalozipika taratibu.

Joto hutoka wapi?

Kwanza ni vema msomaji afahamu jambo moja la msingi. Umeme wote unaoingia katika kompyuta, mwisho wake ni joto. Hauendi kwingine. Prosesa ya kawaida ya kompyuta ya nyumbani hutengenezwa kwa makadirio ya wati 65, na zile zenye nguvu zaidi hupindukia wati 125. Kadi ya michoro, ambayo hutumika katika uhariri wa video na michezo, huweza kutumia wati 150 hadi 300 na hata zaidi. Ukijumlisha na madabodi, diski na pawa saplai, utaona kwamba kompyuta inayofanya kazi nzito ni kama jiko dogo la umeme lililofungiwa sandukuni.

Prosesa nyingi za kisasa zimewekewa kikomo cha joto kati ya nyuzi 95 na 100. Zikikaribia kikomo hicho hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Mtumiaji huona kompyuta imekuwa nzito, naye hudhani ni virusi au kwamba imezeeka. Joto likizidi hapo, kompyuta hujizima. Huko kujizima ni kinga, wala si hitilafu. Ni sawa na mtu anayezirai kwa jua kali ili mwili upate kupumzika.

Lakini madhara hayaishii katika kuzimika. Ndani ya pawa saplai na juu ya madabodi kuna vijitungi vidogo vya kuhifadhi umeme viitwavyo kapasita. Mafundi wa elektroniki wana kanuni ya kukadiria umri wake: kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita zenye majimaji hupungua kwa takriban nusu. Kifaa ambacho kingedumu miaka minane, katika kasha lenye joto la nyuzi 10 zaidi huenda kikadumu minne. Hiyo ndiyo hasara isiyoonekana siku ya kununua.

Hesabu ya hewa

Kwa nini kasha lina uzito mkubwa kiasi hicho katika jambo hili? Jibu lipo katika hesabu fupi. Katika joto la pwani yetu, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban kilo 1.15. Tuseme kompyuta inatoa joto la wati 200. Ikipitishiwa mita moja ya ujazo ya hewa kila dakika, hewa hiyo itatoka ikiwa na joto la takriban nyuzi 10 zaidi ya ilivyoingia. Ikipitishiwa nusu yake, itatoka na nyuzi 20 zaidi. Ikipitishiwa mara mbili yake, nyuzi 5 tu.

Sasa zingatia hali yetu. Mwezi Februari joto la mchana la Dar es Salaam hufika nyuzi 32 hivi, na chumba kilichoezekwa kwa bati bila ya dari huzidi hapo. Anayeishi katika nchi ya baridi, ambaye chumba chake kina nyuzi 20, anaweza kununua kasha baya na asione tatizo kwa miaka. Sisi hatuna nafasi hiyo ya kukosea. Feni haitengenezi ubaridi. Kazi yake ni kuhamisha hewa tu. Hivyo ndani ya kasha hakuwezi kuwa na baridi kuliko chumba chenyewe, na kila nyuzi inayoongezeka ndani huongezeka juu ya zile 32 tulizoanza nazo.

Kampuni ya Intel iliwahi, katika miaka ya 2000, kutoa mwongozo kwa watengenezaji wa makasha ikitaka kwamba, katika chumba chenye nyuzi 35, hewa inayoifikia feni ya prosesa isizidi nyuzi 38. Yaani kasha lisiongeze zaidi ya nyuzi 3 mahali hapo. Njia iliyotumika haikuwa ya ajabu: ubavuni mwa kasha palitobolewa matundu na kuwekwa bomba fupi lililopeleka hewa ya nje moja kwa moja kwa prosesa. Somo lililomo ni kwamba hewa safi ya nje ndiyo dawa, na kazi ya kasha ni kuipatia njia.

Kasha kama nyumba ya pwani

Wazee wetu wa mwambao hawakuwa na viyoyozi, lakini walijua kujenga. Nyumba nzuri ilikuwa na mlango wa mbele na mlango wa uani vinavyoelekeana, madirisha mawili yanayotazamana, na upenyo juu ya ukuta chini ya paa ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Aliyefungua dirisha moja tu alipata mwangaza, hakupata upepo. Upepo huhitaji pa kuingilia na pa kutokea.

Kasha la kompyuta hufuata mantiki hiyo hiyo. Katika makasha mengi ya leo hewa baridi huingilia mbele, na pengine chini, ikapita juu ya kadi ya michoro na prosesa, kisha hutokea nyuma na juu. Ni kweli hewa ya moto hupanda yenyewe, lakini nguvu hiyo ya kupanda ni ndogo sana mbele ya nguvu ya feni. Kwa hiyo la muhimu zaidi ni njia iliyonyooka, isiyozibwa, kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa nyuma.

Uso wa kasha

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea, na ndipo alipokosea mama yetu wa Magomeni. Kasha lake lilikuwa na uso wa kioo cheusi, na nyuma ya kioo kulikuwa na feni tatu zenye taa za rangi. Lilipendeza mno dukani. Lakini kioo hakipitishi hewa. Kati ya kioo na feni palikuwa na upenyo mwembamba pembeni usiotosha hata ncha ya kidole kidogo, na hewa yote ya feni tatu ilitakiwa kupenya hapo. Feni zilizunguka kwa bidii, taa ziling'aa, na hewa haikuingia. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Uso bora kwa hali yetu ya hewa ni ule wa wavu wa chuma au wa plastiki wenye matundu mengi ya wazi. Mnunuzi anaweza kuupima dukani bila ya chombo chochote. Aweke tochi ya simu upande wa ndani, atazame kwa nje: mwanga ukipita kwa wingi, hewa nayo itapita. Ukionekana kwa shida, kuna vizuizi. Baadhi ya nyuso huonekana za wavu kwa mbali, kumbe nyuma yake kuna plastiki iliyofumwa au sifongo nene. Tochi hufichua hilo mara moja.

Si lazima kioo kiepukwe kabisa. Kioo cha ubavuni, kile cha kuonesha vilivyomo, hakina madhara makubwa ikiwa mbele pako wazi. Tatizo ni kioo kilichosimama mlangoni. Na taa za rangi, ziwe nyekundu au buluu, hazipozi kitu chochote. Anayezipenda azinunue, lakini asizihesabu kuwa ni sifa ya upozaji.

Feni: idadi, ukubwa na mwelekeo

Feni za kasha huuzwa kwa vipimo, na vilivyoenea ni milimita 120 na milimita 140. Za zamani zilikuwa za milimita 80. Feni kubwa husukuma hewa ile ile kwa kuzunguka polepole zaidi, hivyo hupunguza kelele. Kwa nyumba ambayo mtoto analala chumba kile kile ambacho mama anafanyia kazi, hilo si jambo dogo.

Kwa kompyuta ya kazi za kawaida, feni mbili mbele za kuingiza hewa na moja nyuma ya kuitoa hutosha. Kwa kompyuta yenye kadi kubwa ya michoro, kasha liwe na nafasi ya feni tatu mbele na moja au mbili juu. Usishawishike na wingi wa feni pekee. Feni tatu nyuma ya wavu ulio wazi huzishinda feni sita nyuma ya kioo. Aidha, feni ya juu iliyowekwa karibu na uso wa mbele huweza kuinyakua hewa baridi na kuitupa nje kabla haijaifikia prosesa. Kama utaweka feni moja ya kutoa hewa juu, iweke upande wa nyuma.

Mwelekeo wa feni hukosewa mara kwa mara, hata na mafundi wenye haraka. Tazama feni pande zote mbili. Upande mmoja huwa wazi na mapanga yake huonekana bila kizuizi. Upande wa pili huwa na vishikizo vinavyobeba mota. Hewa huingilia upande ulio wazi na kutokea upande wa vishikizo. Ukiwa na shaka, washa kompyuta na usogeze kipande chepesi cha karatasi karibu na wavu: kikivutwa, feni inaingiza, kikisukumwa, inatoa. Kijana wetu alipofanya jaribio hilo Magomeni aligundua kwamba feni ya nyuma nayo ilikuwa imegeuzwa. Kasha lilikuwa likivuta hewa nyuma na mbele, na halina pa kuitolea.

Vumbi na chujio lake

Miji yetu ina vumbi, na karibu na bahari vumbi hilo huchanganyika na unyevu na chumvi ya hewani. Likitua juu ya mapezi ya kipoza cha prosesa hushikamana kama unga uliomwagiwa maji, na hewa haipiti tena. Kwa hiyo kasha zuri lina machujio mahali pote panapoingia hewa: mbele, na chini penye pawa saplai. Chujio liwe la kutolewa kwa mkono bila ya bisibisi, maana chujio lenye usumbufu kulitoa halisafishwi.

Hapa kuna hekima nyingine ya kuzingatia. Ikiwa feni zinazoingiza hewa zina nguvu kuliko zinazoitoa, hewa hujaa ndani na kutoka kupitia kila upenyo, na vumbi huzuiwa langoni penye chujio. Ikiwa zinazotoa ndizo zenye nguvu, kasha hufyonza hewa kupitia kila ufa, pamoja na matundu ya nyuma yasiyo na chujio, na vumbi huingia nayo. Kwa nyumba zetu, mpango wa kwanza ndio unaofaa. Ndiyo sababu tukasema mbili mbele, moja nyuma.

Lakini chujio nalo lina gharama yake. Likijaa vumbi huwa sawa na kile kioo. Lioshwe kila baada ya majuma mawili au matatu kwa maji ya bomba, likauke kabisa, ndipo lirudishwe.

Vipimo vya kuchukua kabla ya kwenda dukani

Kasha halinunuliwi kwa kukadiria macho. Kwanza, ujue ukubwa wa madabodi. Mpangilio ulioenea, uitwao ATX, ulioletwa na Intel mwaka 1995, una madabodi ya milimita 305 kwa 244. Ile ndogo yake, Micro-ATX, ni milimita 244 kwa 244, nayo ndiyo inayopatikana katika kompyuta nyingi za bei ya wastani. Mini-ITX ni milimita 170 kwa 170. Kasha kubwa hupokea madabodi ndogo, lakini kinyume chake hakiwezekani.

Pili, pima urefu wa kipoza cha prosesa kutoka kwenye madabodi kwenda juu. Vipoza vya mnara, vyenye feni ya milimita 120, aghalabu huwa na kimo cha kati ya milimita 150 na 165, na kasha jembamba huvikataa. Tatu, pima urefu wa kadi ya michoro, kwa kuwa nyingine hupindukia milimita 300. Nne, tazama nyuma ya bamba linalobeba madabodi: kuwe na nafasi ya takriban sentimita mbili za kupitishia nyaya. Nyaya zilizofungwa vizuri nyuma huiacha njia ya hewa wazi. Zilizorundikwa mbele ya feni ni sawa na makochi yaliyopangwa mlangoni.

Pawa saplai katika makasha ya sasa hukaa chini, feni yake ikitazama sakafuni na kuvuta hewa kupitia chujio. Mpangilio huu ni mzuri kwa sharti moja: kasha liwe na miguu iliyoinuka, na lisiwekwe juu ya zulia au busati. Zulia huziba pua yake.

Wapo watakaoambiwa dukani kwamba upozaji wa maji unaondoa haja ya kasha lenye hewa. Si kweli. Maji hubeba joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, na rejeta hiyo hupozwa kwa feni na hewa ile ile ya kasha. Penye kasha lililozibwa, maji nayo hupata moto.

Tahadhari kwa wanunuzi wa kompyuta za mtumba

Familia nyingi hununua kompyuta zilizotumika maofisini, na mara nyingi ni uamuzi wa busara. Ila zifahamike hivi: kompyuta nyingi za ofisi, hususan zile nyembamba, zilitengenezwa na kampuni zao kwa madabodi, pawa saplai na viunganishi visivyofuata vipimo vya kawaida. Huwezi kuzihamishia katika kasha jingine kirahisi. Kwa kompyuta hizo, dawa si kasha jipya. Safisha vumbi, badilisha ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na kipoza chake ikiwa imekauka, na uiache ifanye kazi iliyokusudiwa. Usiitwishe kadi kubwa ya michoro ambayo hewa yake haiwezi kuipoza.

Kabla ya kutoa fedha

Si kila kompyuta yenye joto inahitaji kasha jipya, na ubadhirifu si sifa njema. Fanya jaribio alilolifanya kijana wetu. Washa kompyuta, ifanyishe kazi nzito kwa dakika ishirini huku ukitazama joto la prosesa. Kisha ondoa ubavu wa kasha na urudie kazi ile ile kwa muda ule ule. Joto likishuka kwa nyuzi 10 au zaidi, kosa ni la kasha au la feni zake. Likishuka kwa nyuzi mbili au tatu tu, kasha halina lawama. Angalia kipoza, krimu yake na vumbi.

Kuna wanaomaliza jambo hapo kwa kuacha ubavu wazi daima. Hiyo ni tiba ya siku chache. Vumbi huingia bila ya chujio, mjusi na mende hupata makaazi, na mtoto mdogo hupata pa kutia kidole. Nyumba isiyo na dirisha haitibiwi kwa kubomoa ukuta.

Tazama pia mahali kompyuta ilipokaa. Meza nyingi za kompyuta zina kijikabati chenye mlango kwa ajili ya kasha. Humo hewa ya moto inayotoka nyuma hurudi mbele na kuvutwa tena. Liweke kasha nje, mbali na ukuta kwa angalau sentimita 15, na mbali na jua la dirishani. Na vile vitambaa vizuri vya kufuma tunavyovitandika juu ya kila chombo sebuleni, viondolewe kabla kompyuta haijawashwa, kwa kuwa matundu ya juu ni bomba la kutolea moshi.

Kusafisha ni kazi inayoweza kufanywa na yeyote nyumbani. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, fungua ubavu, tumia brashi laini iliyo kavu au upepo wa kupulizia. Unapopuliza feni, izuie kwa kidole isizunguke. Pawa saplai yenyewe usiifungue hata kama imechomolewa, kwani ndani yake hubaki umeme unaoweza kudhuru.

Amana ilivyofika

Mama wa Magomeni hakununua madabodi. Kijana aliigeuza ile feni ya nyuma siku ile ile, na kazi iliyosalia ikaendelea usiku, wakati chumba kimepoa kidogo, ubavu wa kasha ukiwa wazi na watoto wamelala. Siku ya Jumamosi walikwenda pamoja Kariakoo na karatasi yenye vipimo vinne. Muuzaji aliwaonesha kwanza makasha ya kioo. Shangazi akatoa simu, akawasha tochi, akaanza kuyapima moja baada ya jingine. Walirudi na kasha jeusi lisilo na taa hata moja, uso wake wa wavu, lenye chujio la kuvutwa kwa mkono, na bei yake ilikuwa chini ya lile la zamani.

Kuhamisha vilivyomo kulichukua alasiri nzima. Diski haikutoka ndani ya nyumba hata dakika moja. Walipomaliza, wakairudia kazi ile ile katika joto lile lile la mchana, ubavu ukiwa umefungwa, na prosesa ikasimama nyuzi 79. Picha za harusi zilikabidhiwa siku moja kabla ya ahadi.

Nilipomtembelea, lile kasha la kioo lilikuwa bado pembeni mwa chumba, taa zake zimezimika. Binti yake mdogo analiwekea vidani na bangili zake. Nikamuuliza mama iwapo ana majuto ya kulinunua. "Mwanangu," akanijibu, "nilinunua sura, nikasahau pumzi." Kisha akaufungua mlango wa uani, upepo ukaingia, akarudi kazini.